Chupa ya rejeta kujaa si ushahidi kwamba rejeta imejaa

Asubuhi kwenye maegesho ya malori Nyakato, Mwanza, utaona ukaguzi uleule: utingo anachungulia chupa ya rejeta, anaona maji yapo kati ya mistari miwili, gari linawashwa. Shida ni kwamba chupa inaweza kuonyesha vizuri huku rejeta yenyewe imepungua lita kadhaa. Kwa hiyo ukiamua kuimwaga na kuisafisha chupa hiyo, usiishie kwenye plastiki. Kagua na mpira mwembamba unaounganisha rejeta na chupa, pamoja na kifuniko cha rejeta.

Kwanza jua gari lako ni la aina gani. Kwenye Fuso na Isuzu nyingi za zamani, kifuniko chenye springi kiko juu ya rejeta, na chupa ya pembeni haina presha. Kwenye Scania na malori mengi ya Ulaya, tenki lenyewe lina presha. Naongelea ile aina ya kwanza. Kwa aina zote mbili, injini ikiwa ya moto usiguse kifuniko cha presha. Subiri hadi mpira mkubwa wa juu ushikike kwa mkono na uwe laini ukiuminya.

Gari likishapoa, nyonya kulanti (yale maji ya rejeta yenye dawa) kwa bomba kubwa la sindano lenye kipande cha mpira, au chomoa mpira mwembamba na uache imwagikie kwenye beseni. Usinyonye kwa mdomo. Kulanti ni sumu, na utamu wake ndio unaowaponza mbwa na mbuzi. Itazame kabla ya kuiweka pembeni. Rangi ya kahawia ni kutu. Utando wa mafuta juu yake unaashiria kipoza oili kilichotoboka au gasketi ya hedi iliyoharibika, na hapo kuosha chupa hakusaidii kitu.

Fungua bolti, mara nyingi za spana namba 10 au 12, uitoe chupa. Tope la chini halitoki kwa kusuuza tu. Weka maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na vikokoto kumi vilivyooshwa, kisha tikisa kwa nguvu. Kumi vikiingia, kumi vitoke. Kimoja kikibaki kitaziba njia. Suuza mpaka povu liishe. Ukiona ufa karibu na masikio ya bolti, nunua chupa nyingine, kwa sababu gundi haidumu kwenye plastiki inayotikisika siku nzima.

Sasa mpira mwembamba. Injini ikipata moto, kulanti hutanuka, ikasukuma kifuniko na kuingia kwenye chupa. Ikipoa, rejeta huvuta kulanti irudi kupitia mpira huohuo. Mpira ukiwa na ufa, au mwisho wake usipofika chini ya chupa, rejeta inavuta hewa badala ya kulanti. Hivyo ndivyo chupa inavyobaki imejaa na gari linachemsha. Kata ncha iliyopasuka kama urefu unaruhusu, la sivyo weka mpya na klipu.

Geuza kifuniko uangalie raba yake, na ile vali ndogo ya katikati: ivute kwa kucha, ikiachiwa irudi yenyewe. Ikikwama, mpira mkubwa wa rejeta hubonyea gari likipoa. Uzima wa kifuniko una uzito kwetu huku, maana Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji matupu yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Kifuniko kizima cha bar 0.9 hupeleka kiwango hicho kupita nyuzi 115. Kifuniko kilichochoka kinakunyima nafasi hiyo yote, hata kama feni na thamostati (vali inayoifungulia kulanti njia ya kwenda kwenye rejeta) ni vizima.

Kujaza: nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa, changanya kwenye dumu kabla ya kumimina. Kama kulanti imeandikwa kwamba imeshachanganywa, usiongeze maji. Maji ya ziwa yanaingia na mwani na tope laini, na hayana dawa ya kuzuia kutu. Yatumie ukikwama njiani tu, kisha mwaga mfumo mzima ukifika. Rangi isikudanganye, kila kiwanda hupaka yake. Soma kitabu cha gari, na kwa dizeli kubwa zenye leina (kuta za silinda zinazobadilishwa) zinazozungukwa na maji tafuta kulanti ya dizeli nzito, kwani ya gari dogo inaweza kuziacha leina zikiliwa vishimo.

Fungua rejeta, ijaze mpaka shingoni, kisha jaza chupa juu kidogo ya MIN. Usiifikishe MAX gari likiwa baridi sana. Kulanti inahitaji pa kupandia. Washa mpaka thamostati ifunguke, zima, acha ipoe kabisa. Kiwango kikishuka kwenye chupa, ni dalili njema: rejeta imevuta. Ongeza. Kisipocheza kabisa, rudi kwenye mpira na kifuniko.

Uliyoitoa ni lita mbili tatu tu, wakati lori hubeba nyingi zaidi ya hizo, hivyo kulanti ikiwa imechoka kazi hii haichukui nafasi ya kumwaga yote. Ile chafu itie kwenye dumu lenye kifuniko, uliandike, na lisirudi kuchotea maji wala kuwekea mafuta ya kula. Kwenye mtaro usimwage: Mto Mirongo unapita katikati ya mji na kuishia ziwani.