Sukari ya miezi mitatu na damu inayokufa mapema

Mgonjwa wa kisukari analeta majibu ya HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu: 6.2%. Daftari lake la nyumbani, hata hivyo, limejaa 9, 10, 11 (milimoli kwa lita) asubuhi baada ya asubuhi, namba zisizolingana na 6.2% hiyo. Kliniki nyingi humaliza jambo kwa kusema kipimo cha nyumbani kimeharibika, na pengine ni kweli. Lakini kwa watu wa ukanda wa malaria kuna sababu nzito ya kuihoji kwanza hiyo 6.2%.

Kipimo hiki hakipimi sukari moja kwa moja. Sukari ya kwenye damu hujibandika kwenye himoglobini polepole, bila msaada wa kimeng'enya chochote, na ikishashika hubaki hapo mpaka chembe nyekundu ife. Chembe huishi siku 120 hivi, ndiyo maana tunasema "miezi mitatu", ingawa karibu nusu ya namba hutokana na mwezi wa mwisho peke yake. Kwa hiyo majibu yana baba wawili: kiwango cha sukari, na umri wa chembe. Chembe zikifa siku ya 70 badala ya 120, hazikupata muda wa kukusanya sukari, na mtu mwenye sukari ya juu atasomeka kama mwenye nafuu.

Mwaka 2017 zilitoka tafiti mbili ambazo kila anayetibu kisukari Afrika Mashariki angepaswa kuzifahamu. Ya kwanza iliwafuata Wamarekani weusi 4,620, ikalinganisha wenye kinasaba kimoja cha selimundu na wasiokuwa nacho, sukari yao ikiwa sawa. Wenye kinasaba walisoma 5.72% kwa wastani, wenzao 6.01%. Pengo la 0.3 linaonekana dogo mpaka likukute karibu na mstari wa kisukari, 6.5%: anayestahili 6.7%, yaani kisukari, anaandikiwa 6.4% na kurudishwa nyumbani.

Ya pili ilikusanya takwimu za watu karibu 160,000 na kukuta jambo zito zaidi, upungufu wa G6PD. Hiki ni kimeng'enya kinachoilinda chembe nyekundu isipasuke. Wanaume wa asili ya Afrika wenye mabadiliko hayo ya kinasaba walisoma chini kwa takriban 0.8. Kinasaba chenyewe kiko kwenye kromosomu X, na mwanamume anayo moja tu, ndiyo maana kwake pigo huja lote. Hapo 7.2% inageuka 6.4%. Mwaka 2024 utafiti mwingine wa Marekani, uliowahusu wanajeshi wastaafu, ulionyesha kuwa wanaume wa namna hii wenye kisukari hupata zaidi madhara ya macho na mishipa ya fahamu. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni kwamba dawa zao zilikuwa zikichelewa kuongezwa, kwa sababu namba ya karatasini ilikuwa inawatuliza madaktari.

Huku kwetu vinasaba hivi ni vya kawaida, kwa kuwa vyote viwili hupunguza makali ya malaria na vimeenea kwa sababu hiyo. Uchunguzi wa kitaifa wa Uganda uliochapishwa 2016 ulikuta watoto 13.3% wakiwa na kinasaba kimoja cha selimundu, na baadhi ya wilaya zikipita 20%. Wengi wa watu hawa hawajui kwamba wanacho, maana kinasaba kimoja hakileti ugonjwa.

Kuna mkanganyiko mmoja unaofaa kuondolewa. Himoglobini S, ile inayotokana na kinasaba cha selimundu, inaweza kuharibu majibu kwa njia mbili tofauti. Njia moja ni ya mashine: baadhi ya mbinu za maabara huichanganya S na A1c zikatoa namba potofu, na hili hutibika kwa kubadili mbinu. Njia ya pili ni uhai wa chembe wenyewe. Hiyo hakuna mashine itakayoirekebisha, hata iwe ya bei gani, kwa sababu inapima kwa usahihi damu ambayo yenyewe ni changa. Upungufu wa G6PD uko kundi hili la pili tu, hivyo mashine haitatoa onyo lolote. Na mwenye selimundu kamili, SS au SC, hana himoglobini A, ile ya kawaida, ya kupimwa kabisa. Akiwa ameongezewa damu, unachosoma ni himoglobini ya aliyemchangia. Kwake HbA1c isiagizwe.

Damu hupungua umri kwa njia nyingine pia: malaria kali iliyopasua chembe, kutokwa damu nyingi, kuongezewa damu ndani ya miezi mitatu, sindano za erithropoietini (dawa ya kuchochea utengenezaji wa damu) kwa wagonjwa wa figo, ujauzito kuanzia miezi ya kati. Dapsoni, dawa ya ukoma, huishusha HbA1c hata kwa mtu ambaye G6PD yake ni nzima.

Kinyume chake ni upungufu wa madini chuma, ambao huipandisha. Chembe mpya hazitengenezwi kwa kasi, zilizopo ni kongwe, na ukongwe ni sukari iliyolimbikizwa. Mwanamke mwenye hedhi nzito anaweza kusoma 6.6% bila kuwa na kisukari. Akianza vidonge vya chuma, uboho unamwaga chembe changa kwa wingi na namba inashuka ndani ya wiki chache. Anayetumia dawa za kisukari akipitia hali hii, sifa hupewa dawa, dozi ikabaki pale ilipo. Wingi wa damu upimwe siku ileile ya HbA1c. Ni kipimo cha bei ndogo na kinaokoa mabishano mengi.

Sasa, unajuaje kama namba yako inakudanganya? Fanya hesabu hii: zidisha HbA1c kwa 1.59, kisha toa 2.59. Jibu ni wastani wa sukari kwa milimoli kwa lita. 6.2% inatoa 7.3. 7% inatoa 8.5. Halafu pima nyumbani kwa wiki 2, kabla ya chai ya asubuhi na saa 2 baada ya tonge la kwanza la mlo mkubwa, ukibadilishana, leo mlo wa mchana, kesho wa usiku. Ukipata wastani wa 9.8 huku karatasi ikidai 7.3, kuna kitu. Sukari ya 9.8 ingepaswa kuleta HbA1c ya karibu 7.8%. Mimi pengo la 2 au zaidi siliachi lipite, ila dogo zaidi ya hapo laweza kuwa ni saa ulizochagua kupima.

Kabla ya kulaumu damu, hakikisha kidole. Aliyemenya embe akajitoboa bila kunawa hupata namba ya juu mno, maana sukari iliyokauka kwenye ngozi imeingia kwenye tone. Kufuta kwa spiriti hakutoshi. Maji na sabuni, kisha ukaushe. Kikopo cha stripu kifungwe mara tu unapotoa moja, kisikae dirishani wala ndani ya gari. Na ujue kwamba glukomita nyingi, yaani hivyo vipimo vya nyumbani, husoma juu kidogo kwa mwenye damu pungufu, hivyo mgonjwa huyohuyo anaweza kuwa na HbA1c inayovutwa chini na glukomita inayovutwa juu.

Ndiyo maana uamuzi wa kama mtu ana kisukari unataka damu ya mshipani: 7.0 au zaidi baada ya kufunga angalau saa 8, au 11.1 saa 2 baada ya kunywa gramu 75 za glukosi iliyoyeyushwa kwenye mililita 250 hadi 300 za maji. Anywe ndani ya dakika 5, akae, asivute sigara wala kutembea huku na huko. Siku tatu kabla ale wanga wa kawaida, angalau gramu 150 kwa siku. Aliyejinyima ugali na wali ili "afaulu" huweza kupanda juu kuliko hali yake.

Hapa napo pana shimo ambalo halisemwi vya kutosha. Chembe zilizo ndani ya chupa bado ziko hai na zinakula sukari, 5% hadi 7% kila saa kwenye joto la chumba. Sampuli iliyotoka mkononi ikiwa 7.4, ikakaa kaunta saa 3 ikimsubiri dereva wa bodaboda, itafika maabara ikiwa 6.2 hivi. Kisukari kimeishia njiani. Chupa ya kifuniko cha kijivu yenye floridi husaidia, lakini floridi huchukua saa moja hadi mbili kuzuia ulaji huo sawasawa, na upotevu wa mwanzo hauzuiliki kwayo. Sampuli iwekwe kwenye barafu na kuzungushwa kwenye sentrifuji, mashine inayotenganisha chembe na majimaji ya damu, ndani ya dakika 30. Kama kituo hakiwezi, mgonjwa aende mwenyewe akatolewe damu panapopimwa.

Kipo pia kipimo cha fruktosamini, kinachosoma sukari iliyoshika kwenye protini za damu kwa wiki 2 hadi 3 na hakijali umri wa chembe. Hakifai kwa mwenye protini nyingi kwenye mkojo au ini lililochoka.

Haya yote hayaitupi HbA1c. Utafiti uliofanyika Uganda na Kameruni, ukachapishwa 2021, uliwavalisha wagonjwa 192 wa kisukari aina ya 2 vifaa vya kusoma sukari mfululizo. HbA1c ilikwenda sambamba na sukari halisi kuliko kipimo kimoja cha asubuhi. Kwa wengi inafuatilia vizuri, hasa ukilinganisha namba ya mtu na namba zake mwenyewe za nyuma. Kosa ni kuiacha iamue peke yake, na zaidi pale inapokuwa kati ya 5.7% na 6.4%.

Ukienda kupima, mweleze mtaalamu wa maabara mambo manne kabla ya sindano: kama umeongezewa damu, kama umeugua malaria hivi karibuni, dawa unazomeza pamoja na za chuma, na kama kwenu kuna selimundu. Uliza pia mashine yao inatumia mbinu gani na kama himoglobini S inaisumbua. Jibu liandikwe kwenye karatasi ya majibu, si kusemwa tu dirishani, ili daktari atakayeisoma mwezi ujao alione.