Hobart: Jukwaa na Gereza Katika Mtaa Mmoja

Meli iliondoka Geelong, bandari ya Australia bara, jioni na kuvuka mlangobahari wa Bass usiku kucha, ikituyumbisha hata nikakifunga kitabu nilichokusudia kukimaliza kabla ya kukanyaga kisiwa cha Tasmania. Kilikuwa ni tamthilia ya Tom Taylor, The Ticket-of-Leave Man, ambayo kwa Kiswahili ningeiita Mwenye Cheti cha Ruhusa. Niliimalizia asubuhi bandarini Devonport, huku nikimsubiri mwenyeji wangu, Mtanzania mwenzangu aliyehamia Hobart, mji mkuu wa kisiwa hicho, aje kunichukua kwa gari.

Ni melodrama kamili, mchezo wa hisia kali wenye wema na wabaya wazi. Bob Brierly, kijana wa Lancashire aliyeingia London akiwa mshamba wa mambo ya mjini, anapewa noti bandia ya pauni 20 na tapeli mmoja, anaitumia bila kujua, na anahukumiwa kifungo cha miaka minne. Anapotoka na cheti chake cha ruhusa, yaani kibali cha kuachiliwa mapema kwa masharti, anapata kazi ofisini, lakini siku ile ile anayotarajia kumwoa May, binti aliyemngojea muda wote huo, siri yake inafichuliwa na tajiri wake anamfukuza. Mwishoni anawatega wezi kwa msaada wa Hawkshaw, askari kanzu anayejigeuza mlevi hadi wakati wa kujitambulisha, na ukumbi mzima unalipuka kwa makofi. Olympic, ukumbi wa London ulioifungulia pazia mnamo Mei 1863, uliionyesha zaidi ya mara 400, kisha kampuni za maigizo zikaisambaza katika makoloni ya Australia.

Nilisafiri kwa sababu cheti hicho hakikubuniwa na mwandishi. Katika kisiwa hiki, kilichoitwa Van Diemen's Land wakati huo, mfungwa mwenye cheti aliweza kujitafutia kazi ya ujira, lakini hakuruhusiwa kutoka katika wilaya yake bila kibali na alipaswa kuripoti kila alipoitwa. Uingereza ilileta hapa zaidi ya wafungwa 70,000 hadi mwaka 1853, usafirishaji ulipokomeshwa. Tangu hapo wafungwa wengi zaidi walitumikia vifungo vyao Uingereza kwenyewe na kuachiliwa humo humo kwa vibali vya namna hiyo, na London ilipokumbwa na hofu ya wizi wa kabali mwaka 1862, lawama ziliwaangukia wao. Taylor aliwaandikia watu waliokuwa wakiogopa jirani zao.

Barabara ya kwenda Hobart ni ya kilomita zipatazo 280. Tulisimama Ross kutazama daraja la mawe la mwaka 1836, ambalo mafundi wake wawili, wafungwa, walipata msamaha kwa kazi yao. Niliposimulia kisa cha Brierly tukiwa tumeegemea ukuta wa daraja lile, mwenyeji wangu aliniuliza, "Sasa mwalimu, yule aliyeiba kweli, yeye mchezo wake uko wapi?" Sikuwa na jibu, na swali hilo lilinikaa kichwani hadi mwisho wa safari.

Theatre Royal iko mtaa wa Campbell na imekuwa ikipokea watazamaji tangu 1837. Mjenzi wake, Peter Degraves, mwenye kiwanda cha bia, alikuwa ameonja jela ya Hobart kwa sababu ya madeni. Ukumbi ni mdogo, wenye roshani zilizopinda na kulikaribia jukwaa kiasi kwamba ukikohoa juu, mwigizaji atageuka. Zamani kulikuwa na baa chini ya viti vya makabwela, ikiitwa The Shades, na mabaharia walipanda kutoka humo na vikombe vyao mkononi. Mtembezaji wetu alitusimulia pia habari za mzimu aitwaye Fred, anayesifiwa kwa kuteremsha pazia la usalama, lile la kuzuia moto usivuke jukwaa, wakati wa moto wa 1984. Mimi niliona pazia lenyewe ndilo lililostahili sifa.

Ukipanda mtaa huo huo kwa dakika chache unafika kwenye mabaki ya gereza la wafungwa. Kanisa lake lilijengwa juu ya vyumba vya adhabu vya upweke, hivyo ibada ilifanyika juu ya vichwa vya watu waliofungiwa gizani. Niliinama kuchungulia kimoja, ambamo hata mtoto asingeweza kusimama, nikatambua kwamba Taylor alikuwa amewarahisishia watazamaji wake kazi. Brierly hana hatia tangu mwanzo, kwa hiyo kumhurumia hakumgharimu mtu kitu. Katika mji ambao ulibadilishiwa jina la koloni lake mwaka 1856, kwa kiasi fulani ili kusahau wafungwa, na ambamo wajukuu walificha asili ya babu zao, mtu aliyeiba kweli hakupandishwa jukwaani kuombewa huruma.

Siku ya mwisho nilikwenda kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali mtaa wa Murray. Madaftari ya wafungwa husomwa kwenye skrini: urefu, rangi ya macho, chale mwilini, kosa, kisha makosa ya huku. Nilimchagua mmoja bila mpango, mwizi wa kondoo aliyekiri mwenyewe. Alipewa cheti, akanyang'anywa kwa ulevi, na chini yake, kwa wino tofauti na mwandiko wa karani mwingine, akapewa tena.