Advansi mathe bila msuli? Hapana mdogo wangu

Jana jioni tumekaa Raskazone, hapa Tanga, na mdogo wangu, yuko form five PCM (fizikia, kemia na hesabu), ananiambia kaka hesabu ukiwa na akili yake husomi, wapo wanaosikiliza tu darasani na wanafaulu. Nikanyamaza maana maneno hayo hayo niliyasema mimi, form four nilipata A kiulaini, nikaingia advansi na akili ile ile, mtihani wa kwanza nikapata 18 kwa 100. Niliumia sana.

Jamani mwalimu akisolvu ubaoni kila kitu kinaonekana rahisi. Chukua integresheni ya x mara eˣ, unaifanya kwa sehemu (by parts), unaweka u = x, inatoka xeˣ − eˣ + c, imeisha. Sasa upewe eˣ sin x, unaifanya kwa sehemu mara mbili halafu lile swali linakurudia lile lile likiwa na alama ya kutoa mbele, ambaye hajawahi kulifanya kwa mkono wake anadhani kakosea anafuta yote, kumbe alitakiwa alihamishie upande wa pili agawe kwa mbili. Hilo huligundui pepa ya masaa matatu inakukimbiza, na pepa zenyewe ni mbili!

Na hao wa "kusikiliza tu" nimelala nao bweni moja, saa kumi alfajiri wako macho na pasti pepa.

Kipaji kinasaidia, sikatai, unaelewa haraka. Ila kasi ya mkono haitoki kwenye kipaji.

Tumekubaliana kuanzia leo maswali matano kila jioni baada ya magharibi, aje na kauntabuku lake.