Majirani Waliompa Obedi Jina

Masomo ya juma: Ruthu 1:19–21, Ruthu 4:13–17, Luka 1:39–58

Wapendwa katika Bwana, amani iwe kwenu.

Juma hili tukae na wanawake ambao Biblia haikuwataja majina: majirani wa Naomi pale Bethlehemu. Nimewachagua kwa ajili ya akina mama ambao malezi yamewaunganisha. Wanaandika kwenye simu yanayowapata na watoto wao, wanasomana, wanajibizana usiku na mchana, na wakipata nafasi wanafunga safari na watoto mgongoni kwenda kuonana. Mmoja anaandika kwamba mwanawe anakaribia miaka mitatu na bado hasemi, mwingine anajibu kwamba wake alikuwa hivyohivyo, anaeleza alikompeleka akasaidiwa, na kuanzia siku hiyo wamekuwa ndugu.

Wako wanaoubeza urafiki huo. Husema ni umbea, ni kupoteza muda, mama anayemcha Mungu angekuwa jikoni au magotini. Mimi nauita huduma, na nadhani wanawake wa Bethlehemu watanisaidia kulionyesha hilo.

Naomi aliondoka Bethlehemu wakati wa njaa akiwa na mume na wana wawili. Akakaa Moabu yapata miaka kumi. Aliporudi hakuwa na mume, hakuwa na mtoto hata mmoja, alikuwa na mkwe wake Ruthu tu, mwanamke wa kigeni. Mji mzima ukataharuki, nao wanawake wakauliza, “Je! Huyu ni Naomi?” Angeweza kujibu kama wengi wetu tunavyojibu tukisalimiwa mlangoni pa kanisa: tunamshukuru Mungu, hatujambo. Hakujibu hivyo. Aliwaambia wasimwite Naomi, wamwite Mara, yaani chungu, kwa sababu Mwenyezi amemtenda mambo machungu sana. Aliondoka amejaa, alisema, na Bwana amemrudisha hana kitu.

Ruthu alikuwa amefika naye, anayasikia maneno hayo, yeye aliyeacha watu wake na miungu yake ili amfuate. Naomi hakumhesabu. Mtu akiumia kiasi kile, aliye karibu kabisa ndiye asiyeonekana.

Sasa angalieni majirani walijibu nini. Maandiko hayaandiki neno hata moja. Hatusikii mtu akimkemea kwa kunung’unika, wala akimwambia aongeze imani. Uchungu wake umesemwa hadharani na umeachwa ukasimama hivyo, mpaka sura ya nne.

Katika sura ya nne Ruthu ameolewa na Boazi na amezaa mtoto, na wanawake walewale wanasema tena. Wanamhimidi Bwana ambaye hakumwacha Naomi bila wa kumkomboa, kisha wanamweleza jambo ambalo yeye mwenyewe hatujamsikia akilisema: huyu mkweo anayekupenda anakufaa kuliko watoto saba! Wao ndio walimwona Ruthu. Na Naomi alipompakata yule mtoto kifuani, majirani ndio waliompa jina. Obedi, babu yake mfalme Daudi, aliyetajwa katika ukoo wa Bwana wetu Yesu, jina lake lilitoka midomoni mwa majirani wa bibi yake.

Hapo ndipo moyo wangu ulipo juma hili. Waliousikia uchungu wake siku aliporudi ndio waliokuwa na uwezo wa kumtangazia neema ilipofika. Walijua neema hiyo imeingia mahali gani. Asiyejua ulichokipoteza atakupongeza, lakini hawezi kukwambia kwa uhakika kile ambacho Mungu amekurudishia.

Mfikirieni mama aliyejifungua wiki tatu zilizopita. Ni saa tisa usiku. Mtoto yuko titini, chuchu zimechanika, na kila mtoto akianza kuvuta mama anakunja vidole vya miguu kwa maumivu. Nyumba nzima imelala. Mkono mmoja umemshika mtoto, mwingine umeshika simu, na kidole gumba kinaandika: “Nampenda mwanangu, lakini usiku huu natamani kukimbia.” Anafuta. Anaandika tena. Anatuma. Mwenzake mmoja, naye yuko macho na wa kwake, anajibu: “Nimepita hapo. Mtoe taratibu, msogeze kifua chake kiguse chako, ngoja afungue mdomo wazi kabisa, kisha aingize na sehemu nyeusi, asishike ncha peke yake. Kesho nakuja, nitamshika ulale.”

Sijui mahubiri mengi yanayofanya kazi kama jibu lile. Lina ukweli, lina maarifa, lina miguu ya kuja kesho.

Na tusilichukulie jambo hili juujuu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba, duniani kote, wanawake wapatao asilimia 13 waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Wamo makanisani mwetu, wanaimba kwaya, wanaleta watoto kubarikiwa. Mama akiandika kwamba hataki tena kumgusa mtoto wake, au kwamba haoni sababu ya kuishi, rafiki wa kweli haishii kutuma aya ya Biblia. Anakwenda. Anakaa naye, anampeleka kwa wahudumu wa afya siku hiyohiyo, na anaomba naye wakiwa njiani. Mungu aliyetupa maombi ndiye aliyewapa madaktari maarifa.

Tuje kwa Luka. Mariamu ameambiwa na malaika habari ambayo hakuna jirani atakayeiamini, na malaika amemtajia mtu mmoja tu: jamaa yake Elisabeti, mzee, aliyeitwa tasa, naye sasa yuko mwezi wa sita. Mariamu akaondoka kwa haraka kwenda nchi ya milimani, mpaka mji mmoja wa Yuda. Kutoka Nazareti huo ni mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Binti anapanda milima na mimba changa kumtafuta mtu pekee duniani anayeweza kumwelewa. Akina mama mliowahi kupanda basi na mtoto mchanga na begi la nepi kwenda kumwona mwenzenu mliyejuana kwa maandishi tu, hii ni safari yenu.

Elisabeti naye alikuwa ametawa miezi mitano, na mumewe Zakaria alikuwa bubu. Sipati shida kuamini kwamba naye alikuwa na kiu ya mtu wa kuongea naye. Mariamu anamwamkia, kitoto kinaruka tumboni, na mama mzee anapaza sauti: “Umebarikiwa wewe katika wanawake!” Malaika alipomtokea, Mariamu alijibu kwa maneno machache ya utii. Wimbo wake mkuu, ule wa “Moyo wangu wamwadhimisha Bwana”, haukutoka Nazareti. Ulitoka nyumbani kwa mama mwenzake, baada ya mama huyo kumwambia: heri aliyesadiki. Ipo sifa ndani ya watu ambayo haitoki mpaka rafiki aithibitishe.

Tena Elisabeti alikuwa na kila sababu ya kulinganisha. Alikuwa amengoja miaka mingi, amezeeka katika aibu, na sasa anaingia binti mdogo ambaye mtoto wake atakuwa mkuu kuliko wa kwake. Angeweza kununa. Badala yake akashangaa kwamba mama wa Bwana wake amemjia yeye. Mlinganisheni na Penina wa 1 Samweli 1, ambaye uzazi wake ulikuwa fimbo ya kumchapa mke mwenzake Hana, asiye na mtoto, mwaka baada ya mwaka, hata Hana akalia asile chakula. Elisabeti na Penina wote ni akina mama, na wote wawili wana habari za uzazi. Mmoja alizitumia kumwinua mwenzake, mwingine kumwonea.

Roho ya Penina haijafa. Ipo katika “wangu alitembea akiwa na miezi tisa” inayosemwa mbele ya mama ambaye wake ana miezi kumi na tano na bado anatambaa. Watoto wengi wenye afya njema huanza kutembea wenyewe wakati wowote kati ya miezi 8 na miezi 18 hivi. Mama akiujua ukweli huo analala usiku. Mwambieni! Na mtoto akizidi hapo bila kutembea, mwambieni pia, kwa upole, ampeleke akapimwe, kwa sababu kunyamaza ili kumfurahisha rafiki ni kumnyima mtoto msaada.

Kuna jambo lingine ambalo huwachosha sana akina mama: kusoma yaliyomfaa mwenzako na kuyafanya sheria ya nyumba yako. Hapa namkumbuka Susanna Wesley wa Uingereza, mama yao John na Charles Wesley, waanzilishi wa vuguvugu la Wamethodisti. Alizaa watoto 19 na kuzika karibu nusu yao. John alipokuwa mtu mzima alimwomba amwandikie jinsi alivyowalea, naye akasita, akiona kwamba haitamfaa mtu yeyote kujua hayo. Mwishowe aliandika, katika barua ya Julai 1732, nasi tunaisoma hadi leo. Yamo mambo ambayo mimi siyapokei, kwa mfano kuwafundisha watoto wa mwaka mmoja kuiogopa fimbo na kulia kwa sauti ndogo. Lakini barua yake nyingine, aliyomwandikia mumewe mwaka 1712, ina kitu ambacho ningependa kila nyumba ikijaribu: kila jioni alitenga muda wa kuongea na mtoto wake peke yake, kila mmoja kwa siku yake, ila Jumapili wawili pamoja. Siku ya John ilikuwa Alhamisi. Alipokuwa mtu mzima, yuko mbali na nyumbani, alimwandikia mama yake akizitamani zile jioni za Alhamisi.

Basi msomeni mwenzenu hivyo. Pokeeni Alhamisi, acheni fimbo. Aliyeandika alikuwa anashuhudia, hakuwa anatunga amri. Nanyi mnaoandika, semeni wazi: kwetu ilikuwa hivi, kwa mtoto huyu, kwa umri huu. Neno hilo dogo la “kwetu” linamwachia msomaji nafasi ya kupumua.

Lipo jambo moja zito zaidi, nalo ni watoto wenyewe. Luka 2 inatupa kisa ambacho mama yeyote angekisimulia maisha yake yote: Yesu ana miaka kumi na miwili, msafara umekwenda mwendo wa siku nzima, wazazi wanadhani yuko pamoja na jamaa, kumbe hayupo. Wanarudi Yerusalemu na wanamwona baada ya siku tatu. Mariamu alimwambia mwanawe waziwazi kwamba walikuwa wakimtafuta kwa huzuni. Kisha tunaambiwa mamaye aliyaweka hayo yote moyoni mwake. Luka hatuambii nani alimsimulia habari hizi, lakini wengi katika Kanisa wameamini zilitoka kwa Mariamu mwenyewe. Kama ni hivyo, alizisema mwanawe akiwa ameshakuwa mtu mzima, ameshafufuka na kupaa.

Uchovu wako ni wako, useme. Hofu yako ni yako, iandike, wenzako waibebe pamoja nawe. Lakini mtoto wa miaka minane anayekojoa kitandani, binti aliyeanza hedhi shuleni mbele ya wenzake, kijana aliyekutwa na pesa za kuiba: aibu hiyo ni ya mtoto, si mali ya mama kuigawa. Ukihitaji msaada, mweleze rafiki mmoja anayejua kufunga mdomo. Picha ya mtoto akiwa bafuni haina msomaji anayeihitaji. Watoto wetu watajua kusoma, nao watasoma tulichoandika. Naomi aliposema mambo yake ni machungu, alikuwa anazungumzia moyo wake, si siri za Ruthu.

Na wewe mama unayetamani urafiki kama huu lakini unaogopa kuanza, sikia habari ya Mary Sumner, mke wa mchungaji katika kijiji cha Old Alresford, Uingereza. Binti yake alipojifungua, alikumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyotetemeka aliposhika mzaliwa wake wa kwanza. Mwaka 1876 akawaita akina mama wa parokia, matajiri na maskini pamoja. Siku ya mkutano woga ukamshika, akashindwa kusema, akawaomba warudi juma lililofuata. Walirudi, naye akasema. Huo ndio mwanzo wa Umoja wa Akina Mama ambao Waanglikana wengi mnaujua.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili, mtafuteni mama mmoja. Pengine ni yule anayekaa karibu na mlango ili atoke haraka mtoto akilia. Msimuulize mtoto anaendeleaje. Muulizeni yeye analala saa ngapi, anakula nini, nani anamshikia mtoto akioga. Kisha nyamazeni, mumpe muda wa kujibu.

Tuombe.

Bwana, uliyemwongoza Mariamu milimani hata akafika kwa Elisabeti, mwongoze mama aliye macho usiku huu amfikie mtu wa kumsikia. Wabariki wanaoandika, uwape ulimi wenye sheria ya wema. Wafariji waliotoka wamejaa wakarudi mikono mitupu. Walinde watoto wetu na heshima yao. Na kwa mama ambaye bado anajiita Mara, tuma majirani. Kwa jina la Yesu, Amina.