Msimu wa mausi ya gololi

Juzi nilimsindikiza mdogo wangu kupiga utrasaundi pale Mtwara mjini. Mimba yake ya pili, yeye hana wasiwasi, wasiwasi wote nilikuwa nao mimi. Daktari akampaka ile jeli ya baridi. Mkono mmoja ukashika kifaa juu ya tumbo, wa pili ukakaa juu ya mpira mdogo uliozama nusu kwenye mashine, katikati ya vitufe. Akauviringisha, alama ikatembea kwenye kioo mpaka ukingo wa kichwa cha mtoto, akabonyeza. Akauviringisha tena mpaka ukingo wa upande wa pili, akabonyeza. Kipimo kikatoka. Mdogo wangu anauliza kama ni wa kike au wa kiume, mimi nimekodolea macho vidole vya daktari.

"Hiyo si trakboli hiyo?" nikauliza.

Daktari akasema mtoto anaendelea vizuri. Basi.

Nilikuwa sijaiona trakboli, ule mpira wa kuongozea mshale wa kompyuta, tangu Newala, kwa mjomba. Duka la mjomba mnalijua: fotokopi, kulaminisha, kuchaji simu, kuandika barua za kuomba kazi na za kuacha kazi. Meza ya kompyuta ilikuwa ya cherehani iliyong'olewa kichwa. Tundu lake lilizibwa kwa kipande cha ubao kisicholingana, na nafasi iliyobaki baina ya kibodi na mashine ya kulaminisha haikutosha hata kikombe cha chai. Mausi inataka uwanja. Pale ukiisukuma inagonga kibodi, ukiirudisha inadumbukia kwenye ufa.

Halafu vumbi. Mausi zetu zilikuwa zile za zamani zenye mpira chini. Mpira unasugua vijiti viwili ndani, kimoja kinahesabu kulia na kushoto, kingine juu na chini. Vumbi jekundu la Newala likishaganda kwenye kijiti kimoja, mshale unakubali njia moja na kuikataa nyingine. Kila asubuhi kabla ya kazi nilikuwa naufungua mfuniko wa tumboni na kukwangua vijiti kwa ukucha.

Kijana aliyekuwa akitusaidia dukani akaona kuna njia ya mkato. Akailaza mausi chali mkononi, akawa anauviringisha mpira kwa dole gumba. Kulia kukaenda kulia, kushoto kukaenda kushoto, tukashangilia. Akausukuma mpira mbele ili mshale upande juu. Ukashuka. Akauvuta nyuma, ukapanda. Akaigeuza mausi ileile chali, mkia uje upande wake: sasa juu na chini vikakaa sawa, kulia kukawa kushoto. Jioni nzima aliigeuzageuza, na kila alivyoilaza, upande mmoja ulikaidi. Ukikaa ukafikiri utaona lazima iwe hivyo, lakini sisi tulikuwa tunaamini iko namna moja ambayo bado hatujaipata.

Mjomba akarudi kutoka Dar na boksi la vitu vya kompyuta vya mtumba, na ndani yake mlikuwa na dude la Logitech, la kijivu, nene, lina mpira mwekundu wenye vidoti vyeusi ubavuni, pale dole gumba linapokaa. Dude lenyewe haliendi popote. Unaliweka mahali, kiganja kinapumzika juu yake, gumba ndilo linalofanya kazi, na mshale unakwenda unakotaka, pande zote nne bila ubishi. Ndani kuna taa na jicho linalosoma vile vidoti, kwa hiyo vijiti vya kukwangua hakuna. Kuna vinundu vitatu tu ambavyo mpira umevikalia, navyo vikijaa uchafu unausukuma mpira nje kwa kalamu kupitia tundu la chini, unafuta, unaurudisha, unaendelea. Meza ya cherehani ikawa haina neno tena. Tukaliita mausi ya gololi.

"Teknolojia mpya kabisa ya Ulaya," mjomba akawaambia wateja. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba upya huo ni wa mwaka 1946, Ralph Benjamin akiwa kazini kwa jeshi la majini la Uingereza, kwa ajili ya kuongoza alama kwenye rada. Wakanada nao mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakatengeneza ya kwao kwa ajili ya meli za kivita, wakatumia mpira wa mchezo wa boling. Mausi yenyewe, ile ya Douglas Engelbart kule California, ilitengenezwa mwaka 1964. Mpira ndio mkubwa wa mausi, kwa umri. Mjomba nilipomweleza alisema Ulaya bado ni Ulaya.

Mimi, niseme kweli, sikulipenda sana. Kifundo cha mkono kiliacha kuuma, dole gumba likaanza. Kama ningechagua, ningechagua ile ya mpira mkubwa wa katikati, inayoviringishwa kwa vidole vyote, kama ya daktari wa juzi. Lakini ya bure huchagui.

Sasa, msimu. Stakabadhi ghalani ilikuwa imeanza mwaka 2007 na watu walikuwa bado wanaizoea: wakati ule unapeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, zinapimwa, unapewa karatasi, zinakwenda ghalani, zinanadiwa, wewe unasubiri malipo ya kwanza, kisha unasubiri ya pili, na katikati unakopa. Karani wa chama kimoja cha kijijini alituletea daftari la wakulima wake tumpigie orodha kwenye kompyuta. Majina, namba ya stakabadhi, kilo. Mimi nikachapa nusu, kijana akachapa nusu.

Mama mkubwa akaingia mchana, jua kali, anasubiri gari la kurudi kijijini. Shikamoo, marahaba, maji, kiti. Kiti pekee chenye kivuli kilikuwa kile cha kompyuta, nikampisha.

Huko nyuma aliwahi kuijaribu mausi. Ilimfika mwisho wa meza, akainyanyua, mshale ukabaki ulipo. Akanirudishia: "Mbuzi wako huyu hafuati kamba." Safari hii aliuona ule mpira mwekundu, akaugusa kabla sijasema kitu.

Mikono ya mama mkubwa inahitaji maelezo kidogo. Miaka mingi amebangua korosho kwa mkono, na mafuta ya ganda la korosho yanachoma. Hata ukijipaka majivu yanapenya. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi na nyororo, zimechubuka mara nyingi mno. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka, kidogo, hasa akiunyoosha bila kuuegemeza. Hapo kwenye trakboli ulikuwa umeegemea. Gumba likasukuma, mshale ukaenda. Akalisimamisha, mshale ukasimama. Akalinyanyua gumba kabisa na kulitazama, kisha akatazama kioo. Mshale uko palepale.

"Haukimbii," akasema.

"Haukimbii, mama."

Akaanza kusoma. Mama mkubwa ni mtu wa ngumbaru, alijifunza kusoma mtu mzima, na husoma kwa midomo. Akawa anaweka mshale chini ya kila jina, analisoma, anashuka. Mimi nilisimama nyuma yake, kila akifika mwisho wa ukurasa nambonyezea kibodi. Akalikuta jina lake. Akatoa kwenye fundo la kanga karatasi yake ya stakabadhi, akalinganisha kilo, zikawa sawa. Akaguna kwa kuridhika, akairudisha karatasi kwenye fundo, akakaza. Nikadhani tumemaliza.

Akaendelea. Nadhani ilikuwa raha ya kule kushuka tu, jina baada ya jina, watu anaowajua wote, na kwa kila mmoja ana la kusema: huyu kumbe, huyu naye, huyu mvivu amepata wapi zote hizo. Tulikuwa tunacheka. Tukaingia ukurasa uliochapwa na kijana, na mshale ukasimama.

Akasoma kwa midomo. Akasoma tena. Majina matatu, la kwake, la baba, la babu, yamekamilika. Marehemu baba mkubwa. Tulikuwa tumemzika kabla hata ya mfumo huu wa stakabadhi kuanza. Mbele ya jina lake palikuwa na namba, na mbele ya namba kilo, mara mbili na zaidi ya zile za mkewe.

Aliondoa mkono. Mshale ukabaki pale, chini ya jina. Kwenye mausi ile mbovu ungeshateleza, mtikisiko wa meza tu ungetosha, na mimi ningepata la kufanya, kuurudisha, kusafisha, kusema kitu. Huu haukuteleza. Jenereta la jirani lilikuwa linaunguruma, kijana anakata kadi za kulaminisha na kupiga mluzi, na sisi wawili tunatazama kilo za mtu aliyekufa.

"Ile ya upande wa juu," akasema hatimaye. Mikorosho ya upande wa juu ilikuwa ya marehemu, na baada ya msiba mpwa wake ndiye aliyeishika, kama mila inavyokwenda kwetu. Makubaliano yalikuwa mjane apate chake kila msimu. Msimu ule mpwa alikuja na maneno: ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaopuliziwa salfa, umeipiga mikorosho, maua yamekauka, haikuzaa kitu.

Mjomba alikuwa amesogea. Akasoma, akaelewa, akanitazama jicho la kuniambia nizime. Sikuzima. Mama mkubwa akaweka tena gumba, akaushusha mshale taratibu mpaka mwisho wa orodha, majina yote yaliyobaki, midomo inacheza lakini hasemi tena la mtu. Honi ya gari ikapiga. Akaaga, akanishukuru kwa maji.

Tulichapa orodha kama ilivyokuwa daftarini. Karani akaja, akalipa, akaondoka nayo. Mjomba akatangaza kwamba kuanzia leo mteja haoni kazi ya mteja mwingine, na nilipomwambia kwamba mama mkubwa ni dada yake si mteja, akasema ndiyo maana. Trakboli akaja kuiuza mwaka uliofuata kwa mwalimu mmoja aliyeizimia.

Nimewahi kuwaza kwamba bila lile dude asingefika mstari ule. Angepigana na mausi majina matano, angechoka, angesinzia kitini mpaka gari lije. Siku nyingine nawaza kwamba orodha ingebandikwa ukutani kwa chama na angeiona tu, kama angeweza kupenya kwenye msongamano, kama macho yangefika juu. Na siku nyingine naona mjomba alikuwa na hoja, ingawa sijamwambia.

Alichofanya mama mkubwa baada ya hapo sikukijua. Nilichosikia ni kwamba msimu uliofuata alionekana kwenye mizani na magunia ya mikorosho ya upande wa juu, amesimama yeye mwenyewe, mpwa akiyabeba. Miaka ikapita. Siku moja, kwenye arusi, tunamenya ming'oko, vile viazi vya porini, nikamuuliza: yule mpwa ulimfanyaje?

Akachovya chumvi kwanza.

"Nilipulizia salfa," akasema.