Mluzi Ndani ya Kompyuta ya Marehemu Baba

Kompyuta ambayo marehemu baba aliitumia kwa miaka mingi kuweka hesabu za wakulima wa tumbaku ilikuwa imefunikwa shuka chumbani kwake, hapa Isevya, Tabora, tangu alipostaafu. Ni moja ya mashine zilizoundwa kwa kufuata mfano wa IBM PC/XT ya mwaka 1983, na diski ngumu yake ina megabaiti 20 tu. Mwezi uliopita niliiwasha ili ninakili barua zake. Iliwaka vizuri, lakini baada ya dakika chache ukaanza mluzi mwembamba na mkali, kama wa mbu aliyeingia sikioni, ukipanda na kushuka bila mpangilio.

Fundi wa redio wa mtaani kwetu alisema papo hapo kwamba kapasita (vipande vinavyohifadhi umeme kwa muda) za pawasaplai, yaani kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, zimechoka. Halikuwa neno la kupuuzwa, kwa sababu kapasita za zamani hukauka na koili (waya uliozungushwa) iliyolegea hulia kweli. Hata hivyo sikutaka kitu chochote kifumuliwe kabla hatujajua mlio unatoka wapi.

Nilianza kwa kuzima na kusikiliza. Mlio wa umeme hukatika pale pale swichi inapozimwa, ilhali mlio wa kitu kinachozunguka hufifia kadiri kinavyopunguza mwendo. Huu wetu ulishuka polepole, ukakwaruza kidogo, kisha ukanyamaza. Zikabaki feni na diski. Nilichomoa waya unaoipa diski umeme, nikawasha tena: feni ilivuma kwa sauti yake nene ya siku zote, na mluzi haukusikika.

Kabla ya kuifungua niliurudisha waya, nikanakili barua zote kwenye disketi za kilobaiti 360, kazi iliyonimalizia mchana mzima, kisha nikaendesha programu ya kuegesha vichwa vya kusomea, yaani kuvipeleka mahali salama pasipo na maandishi. Diski nyingi za enzi hiyo hazijiegeshi zenyewe, na kichwa kikigonga sahani inayohifadhi maandishi ndani ya diski, kilichoandikwa hapo huweza kupotea moja kwa moja.

Chini ya diski, katikati kabisa, kuna ulimi mwembamba wa bati wenye kitufe cheusi cha kaboni kinachoegemea ncha ya mhimili. Kazi yake ni kupitisha umemetuli unaojikusanya kwenye sahani zinazozunguka mara 3,600 kwa dakika. Kitufe kilikuwa kimechimbika kishimo kidogo kinachong'aa, na vumbi la kiangazi lilikuwa limeganda pembeni yake. Ndiyo maana ulimi ulitetemeka na kupiga mluzi. Wapo wanaoung'oa kabisa, nami siafiki, kwa kuwa uliwekwa kuilinda diski. Nilifuta vumbi kwa kitambaa kikavu, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli kisichozidi ukucha wa kidole kidogo, nikakigandisha kwa gundi mgongoni mwa ulimi ili kiuzuie kutetemeka. Gundi ilipokauka niliwasha. Kimya.

Kimya kwangu mimi, mwenye miaka 47. Binti yangu wa miaka tisa aliingia, akaziba masikio na kusema, "Baba, bado inalia."

Nilidhani anakumbuka ule wa kwanza, mpaka nilipofikiria skrini. Skrini za rangi moja za mfumo ule huchora mistari 18,432 kila sekunde, na transfoma iliyo ndani yake hutetemeka kwa kasi hiyohiyo. Masikio ya mtoto huunasa mlio huo; yangu yameshauacha nyuma. Kumbe milio ilikuwa miwili tangu mwanzo, na kila mmoja wetu alikuwa akizungumzia wake. Huu wa pili sikuugusa, kwa sababu ni wa kawaida, na bomba la kioo la skrini huweza kubaki na maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa.

Nilimwomba asimame ukumbini, asikoweza kuniona, nami nikawa nachomeka na kuchomoa plagi ya skrini bila kusema neno. Mara zote tano alipaza sauti kunijibu kama inalia au imenyamaza, na hakukosea hata mara moja.