Ree Mbili Mezani kwa Shemeji

Mjomba alinifundisha poka kwa kunikataza kucheza. Nilikuwa nimehamia Houston kwa dada yangu, na Jumamosi jioni, vyombo vikishaoshwa, meza ya chakula ilitandikwa kitambaa kizito tukakaa watu sita: Mjomba, dada, shemeji, wenzake wawili wa kazini, mmoja wa Mombasa na mwingine wa Bukavu, na mimi. Kila mtu alitoa dola 20 akapewa chipu zake, vile vibao vya duara vinavyosimama badala ya pesa. Dau la lazima lilikuwa senti 5 kwa wa kwanza na senti 10 kwa wa pili. Sheria ya Texas inawaachia watu mchezo wa kirafiki nyumbani, mradi mwenye nyumba asijikatie fungu mezani. Shemeji hakukata chochote, na pilau alitulisha yeye.

Hizo dola 20 nazitaja makusudi. Nimewaona watu wakiipeleka kodi ya nyumba kasino, na sitamfundisha mtu karata bila kumwambia kwanza aje na pesa ambayo watoto hawaitegemei.

Mjomba alikuwa dereva wa lori. Safari za Corpus Christi zilimpitisha Robstown, mji mdogo ambao Bunge la Texas liliutambua mwaka 2007 kuwa ndiko Texas Hold'em, aina ya poka tuliyocheza, ilikozaliwa, na alipenda kutuambia kwamba ameegesha lori pale akanywa kahawa. Mchezo wenyewe aliueleza kwa maneno machache. Unapewa karata mbili za siri. Tano nyingine zinafunuliwa katikati kwa wote: tatu kwa pamoja, kisha moja, kisha moja ya mwisho, na kila zinapofunuliwa unaamua uweke dau, ufuate la mwenzako au utupe. Kwa muda mrefu kazi yangu mezani ilikuwa kutupa. Saba na mbili, tupa. Jeki na nne, tupa. Ree na mfalme aliniruhusu, lakini akanikumbusha kwamba hiyo bado si jozi, yaani karata mbili zinazofanana, na kwamba zile tatu za kwanza zitakupa jozi kama mara moja tu kati ya tatu.

Karata mbili za mwanzo zinaweza kuja kwa namna 1,326. Jozi ya ree ni namna sita tu kati ya hizo, yaani mara moja kati ya 221. Kwa hiyo usiku ule niliponyanyua pembe za karata zangu nikaona ree ya shupaza, kisha ree ya uru, masikio yalinipata moto.

Karata za katikati zikifunuliwa, mimi ndiye ningekuwa wa mwisho kuzungumza, nafasi bora kuliko zote, maana unawaona wenzako wameamua nini kabla hujafungua mdomo. Wa Bukavu alitupa. Wa Mombasa akaweka senti 10, shemeji naye akaweka senti 10. Hapo ndipo wanaoanza wengi wanapojificha. Wanaweka senti 10 kimya kimya, wanangoja kuwanasa wenzao baadaye. Mjomba alikuwa amelipiga vita wazo hilo kwa hesabu. Mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda takriban mara 85 kwa 100. Mbele ya watano waliobaki wote hadi mwisho, hazifiki hata 50. Nguvu ya karata zako inapungua kwa kila mtu unayemruhusu aingie kwa bei rahisi. Basi unapandisha dau: mara tatu ya dau la lazima kubwa, na ongeza dau moja kwa kila aliyekwisha kuingia. Nikahesabu, nikasukuma senti 50.

Mjomba akatupa, akaacha senti zake 5 za lazima. Dada akatupa, akaacha zake 10. Wa Mombasa akafuata, na shemeji akafuata. Mezani kulikuwa na dola 1.65.

Zikafunuliwa kumi ya kopa, tisa ya kopa na nne ya pau. Wote wawili wakagonga meza kuonyesha wanapita. Ree zangu bado zilikuwa juu, ila kopa mbili, na ile kumi na ile tisa zilizofuatana, ziliweza kumpa mtu matumaini ya rangi moja, yaani kopa tano, au ya mfululizo, yaani karata tano zinazofuatana, na mwenye matumaini lazima alipie. Nikaweka dola 1.20. Wa Mombasa akatupa. Shemeji akafuata.

Karata ya nne, mfalme wa uru. Shemeji akagonga meza. Nikaweka dola 3.

Shemeji yangu ni mtu wa kufuata. Akiwa na jozi hafifu anafuata, akiwa na jozi nzuri anafuata, na tangu nikae naye mezani sikuwa nimewahi kumwona anapandisha dau bila kitu kizito mkononi. Usiku ule alinyanyua chipu taratibu, akazipanga, akasema, "Tisa." Dola 9. Nilitakiwa kuongeza 6, na bado karata moja ilikuwa haijafunuliwa.

Nilizitazama tena zile ree, ingawa nilizijua. Kinachomponza anayeanza ni kukumbuka jinsi zilivyokuwa dakika tano nyuma. Wakati wa kugawa zilikuwa karata bora kuliko zote duniani. Sasa zilikuwa jozi moja tu, mbele ya mtu asiyepandisha ovyo. Anaweza kuwa na mfululizo, au tatu za aina moja, au jozi mbili. Nilijiuliza swali moja ambalo Mjomba alitaka tujiulize kila mara: ni karata gani dhaifu kuliko zangu ambazo mtu huyu angezipandisha hivi? Sikupata hata moja. Nikazisukuma kifudifudi.

Shemeji alifurahi akafunua zake: malkia na jeki. Mfalme, malkia, jeki, kumi, tisa. Mfululizo ulikuwa umekamilika. Hata ree ya tatu isingeniokoa, maana mfululizo unazishinda tatu za aina moja. Akavuta chipu, akasema alijua tu kwamba mfalme anakuja.

Tulipopumzika kunywa chai nilimfuata Mjomba jikoni nikamnong'oneza nilichotupa. Hakunisifu. Aliomba kalamu, akachukua bahasha ya bili ya umeme, akarudi nayo mezani.

"Njoo tuhesabu, baba," alimwambia shemeji. "Uliposhika malkia na jeki, na ile kumi na ile tisa ziko mezani, ulihitaji wafalme wanne au nane nne. Karata nane, kati ya 47 usizoziona. Mara 39 unakosa."

Akaandika. Kila akikosa na kuacha, anapoteza ile dola 1.20: mara 39, ni dola 46.80. Kila akipata, anachukua dola 2.85 zilizokuwepo alipofuata, na dola 3 nilizoweka baadaye. Jumla 5.85, mara nane. Kalamu ikasimama: 46.80.

Hakuna aliyetegemea zilingane, hata Mjomba. Alirudia kuzidisha, akapata vilevile.

"Kwa hiyo sijapata kitu?" shemeji aliuliza.

"Leo umepata. Lakini ukifanya hivi usiku baada ya usiku, na yeye akitupa kama alivyotupa, mwisho wenu ni sufuri."

Shemeji akaivuta bahasha. Ni fundi wa viyoyozi, hesabu hazimtishi. Akaongeza zile dola 6 nilizokataa kulipa: 11.85 mara nane, dola 94.80. Akatoa 46.80, zikabaki 48.

"Mjomba, kumbe faida yangu yote iko kwenye hizi sita," alisema. Kisha akaniinulia macho. "Shemeji, wewe ulikuwa na nini?"

"Ree mbili."

"Ukazitupa?"

"Nilizitupa."

Alinyamaza, akahesabu tena mstari wa mwisho kwa ncha ya kalamu. Dada alikuwa ameshachanga karata na kuanza kugawa.